Mashine ya tajiri, ganzi ya kijana

Msimu wa mpunga ukikaribia Mabogini, Chekereni na Kahe, mkoani Kilimanjaro, mabishano ni yaleyale. Mashine za petroli za kufyekea majani, zile zinazoning'inia begani kwa mkanda, zikifungwa kisu cha duara na kikingio cha kulaza mabua zinavuna mpunga. Hizohizo zinakata majani ya ng'ombe na kusafisha shamba la kahawa. Upande mmoja unasema zinawanyang'anya vibarua akina mama wenye mundu. Upande wa pili unasema mundu umetuvunja migongo vya kutosha, upelekwe makumbusho. Sasa limeongezeka neno jingine, kwamba mashine hizi "zinaua mishipa ya mikono", na wasiozitaka wamelidaka kama ushahidi wa mwisho, huku wanaozitaka wakilicheka kama uvumi. Wote wamelishika neno hilo vibaya. Mtetemo wa mashine hizi unaumiza kweli, lakini haumuumizi kila anayezishika. Anayeumia ni kijana anayeshika mashine kutwa kwa hesabu ya tajiri mwenye mashine, na karibu kila kinachoamua kama ataumia kiko mikononi mwa mtu ambaye haishiki kabisa.

Ugonjwa wenyewe si mgeni duniani. Mwaka 1911 daktari Mwitaliano, Giovanni Loriga, aliripoti mishipa ya damu kujikaza kwenye mikono ya wachimba mawe waliotumia nyundo za upepo. Miaka saba baadaye, mwezi Januari, daktari Alice Hamilton alikwenda Bedford, jimbo la Indiana nchini Marekani, akawakuta wachonga mawe wenye vidole vilivyogeuka vyeupe kama vya maiti kila asubuhi ya baridi. Baadaye ikaja zamu ya wakata miti wenye misumeno ya mnyororo, kuanzia Japani hadi Ufini. Kinachotokea ndani ya mkono ni mambo mawili yanayokwenda kila moja kwa mwendo wake. Mishipa midogo ya damu huwa na hasira, ikikutana na baridi inajifunga, kidole kinapauka na kufa ganzi kwa dakika kadhaa. Na mishipa ya fahamu huchoka polepole: kwanza kuwashwa na kuchomwachomwa usiku, kisha ganzi inayobaki mchana, mwisho vidole vinapoteza ustadi wake. Upande wa damu unaweza kupata nafuu mtu akiacha kazi mapema. Upande wa fahamu mara nyingi haurudi.

Ganzi hiyo ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu haina sura. Chekereni nilimwona kijana mmoja wa mashine akitaka kulipia soda. Alipapasa sarafu mfukoni muda mrefu, akazitoa, akazirudisha, mwishowe akamimina kila kitu juu ya meza achague mia mbili kwa macho. Mwenye duka alidhani anatania. "Ni ganzi tu mzee, nikilala inaisha," akaniambia alipoona namtazama. Labda inaisha. Lakini kidole kinachoshindwa kutofautisha sarafu na ufunguo kitashindwa pia kufunga kifungo cha shati, kushika sindano au kuhisi kuwa kikombe kina moto, na hakuna daktari anayeweza kukiona kwa jicho tu.

Mtetemo hupimwa kwa mita kwa sekunde ya mraba. Nitasema "mita" tu kwa ufupi. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 liliweka mistari miwili kwa siku ya kazi ya saa 8: wastani wa mita 2.5, ambapo mwajiri anatakiwa aanze kuchukua hatua, na mita 5, ambao hauruhusiwi kuvukwa. Uingereza iliingiza mistari hiyohiyo kwenye kanuni zake mwaka 2005. Jambo ambalo wengi hawalijui ni jinsi muda na ukali wa mtetemo vinavyopatana. Mtetemo ukizidi mara mbili, muda unaoruhusiwa haupungui nusu, unabaki robo. Mashine nzuri ya kufyekea, mpya na yenye kisu kilichosawazika, inaweza kutoa mita 4 hivi. Kwa mashine hiyo mtu anafikia mstari wa kwanza baada ya muda wa saa 3 za kukandamiza mafuta, na mstari wa pili hatauona hata akifanya kazi kutwa. Ichukue mashine hiyo, ifikishe mita 8. Sasa mstari wa kwanza unavukwa kabla ya saa moja kuisha, na wa pili baada ya saa 3 na dakika chache. Ikifika mita 10, nusu saa inatosha kuvuka wa kwanza, na saa 2 kuvuka wa pili.

Mashine inatokaje mita 4 hadi 8? Hapo tunaingia kwa fundi. Kati ya injini na mikono ya mtu kuna raba ndogo na springi ambazo kazi yake ni kumeza mtetemo. Raba hizo huliwa na joto na mafuta, na zikiisha hakuna anayeshtuka, kwa sababu mashine inaendelea kuwaka na kukata vilevile. Fundi wa mtaani, akiletewa mashine inayocheza-cheza, anakaza bolti chuma kwa chuma, au anakata kipande cha mpira wa tairi na kukipachika. Mashine inatulia machoni, mtetemo unahamia kwenye mikono. Kisu nacho kimenolewa kwa grainda upande mmoja zaidi ya mwingine, au kimechongwa kutoka kwenye bati nene kwa sababu cha dukani ni ghali. Kisu kisichosawazika kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika ni nyundo isiyoonekana. Bomba likishapinda kwa kugonga kisiki, ndio basi. Na mkanda wa begani, ambao ungebeba uzito ili mikono isikaze sana, umekatika kishikizo tangu msimu uliopita, kwa hiyo kijana ananing'iniza mashine kwa kamba ya katani na kuikumbatia kwa nguvu. Kadiri anavyokaza ngumi ndivyo mtetemo unavyopenya.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoamuliwa na mshikaji. Mpangilio ni ule wa bodaboda: tajiri ananunua, kijana anaendesha, jioni inaletwa hesabu. Matengenezo makubwa ni ya tajiri, madogo ni ya kijana, na raba siku zote zinahesabiwa kuwa madogo. Malipo ni kwa heka, kwa hiyo kupumzika ni kujikata mshahara. Mwenye shamba anaona kazi ya asubuhi moja tu na kusema, kwa haki kabisa, kwamba saa mbili za mashine hazijamuua mtu. Haoni kwamba kijana huyo ametoka shamba la jirani na mchana anakwenda shamba la tatu. Tajiri naye anaona fedha, haoni saa. Kila mmoja anashika kipande chake cha siku, na siku nzima iko mwilini mwa mtu mmoja.

Wanaozitetea mashine wana hoja nzito, na sioni sababu ya kuzipunguza uzito. Kuvuna mpunga kwa mundu ni kuinama tangu jua linapochomoza, miguu kwenye tope, kiuno kimekunjwa, na wengi wanaoinama ni wanawake ambao nyumbani wanasubiriwa na kazi nyingine. Mpunga uliokomaa haungoji: ukichelewa, punje zinapukutika, kweleakwelea wanashuka, mvua inalaza mabua. Vibarua siku hizi ni shida kupatikana kwa wakati mmoja, maana vijana wengi wamehamia mjini au kwenye pikipiki. Mwaka 2015 Umoja wa Afrika ulifanya kampeni nzima ya kulipeleka jembe la mkono makumbusho, na hapa kwetu pawatila, yale matrekta madogo ya kushika kwa mikono, zimeingia mashambani kwa wingi tangu enzi za kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza, 2009. Mwanamke aliyepona mgongo kwa sababu ya mashine ni faida halisi. Anayesema turudi kwenye mundu ili kuokoa vidole vya vijana anapendekeza kuhamisha maumivu kutoka mkononi kwa mwanamume kwenda kiunoni kwa mwanamke, na sijui ni nani aliyempa ruhusa ya kufanya biashara hiyo.

Hoja ya pili ni ya joto, na wataalamu kadhaa nao wameigusa. Vidole vyeupe, wanasema, ni ugonjwa wa nchi za theluji. Kuna ukweli humo. Tafiti zilizofanyika nchi za joto kama Malaysia, Vietnam na Papua New Guinea zimekuta weupe wa vidole ni nadra au haupo kabisa. Lakini tafiti za nchi hizo hazikukuta mikono mizima: ganzi, kuchomwachomwa na vidole vizito vilikuwepo. Joto linaficha dalili moja, ile inayoonekana, na kuacha ile isiyoonekana iendelee na kazi yake. Kisha hoja hii inasahau jiografia yetu. Chekereni ni joto, sawa. Arusha mjini iko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na migomba na majani ya ng'ombe ya Marangu, Kibosho au Machame yanapanda hadi kimo hicho au zaidi. Mwezi wa saba alfajiri huko pumzi inaonekana. Kijana anayeteremka kutoka Uru kwa pikipiki saa kumi na mbili asubuhi, mashine mgongoni na mikono wazi kwenye upepo, anafika shambani vidole vimeshakakamaa kabla hajavuta kamba ya kuwashia. Akiwa anavuta sigara au kuweka ugoro, nikotini inaikaza mishipa hiyo hiyo zaidi. Kwa hiyo hata weupe wa vidole siuwekei dhamana kwamba hautaonekana Kilimanjaro. Ningetarajia tu uonekane kwenye kifungua kinywa cha kipupwe, na mtu aseme ni baridi.

Wengine wanasema msimu wa mavuno ni mfupi, wiki chache, mwili unapumzika miezi mingine. Hilo ni kweli kwa mwenye shamba. Kijana wa mashine akimaliza mpunga anapanda kukata majani ya ng'ombe, ambayo hayana msimu. Akitoka hapo kuna uwanja wa shule, kuna bustani ya hoteli, kuna nyasi za kandokando ya barabara, kuna magugu ya shamba la kahawa. Akipata bahati, anapewa msumeno wa mnyororo apunguze matawi ya grevilea. Msimu unaisha kwa zao, kwa mashine hauishi.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na inayosikika kuliko zote, ni kwamba mikono ya mkulima ni migumu. Sugu, wanasema, zimezoea jembe na panga, petroli itazifanya nini? Sugu ni ngozi. Mtetemo haukwaruzi ngozi, unapita ngozi, unaingia kwenye mfupa, kwenye mshipa wa damu, kwenye mshipa wa fahamu unaopita kifundoni. Wachonga mawe wa Indiana walikuwa na sugu kuliko sisi sote. Binamu wa hoja hiyo ni glavu. Glavu zinasaidia kuuweka mkono joto, na hilo si dogo, lakini mtetemo wa aina inayotolewa na mashine hizi hauzuiliwi na glavu kwa kiasi cha kutegemewa, na zile nene sana zinamfanya mtu akaze ngumi zaidi ili asipoteze mshiko. Tajiri anayenunua glavu na kuacha raba zilizoisha amenunua utulivu wa moyo wake mwenyewe.

Sheria yetu haina pa kumshika kijana huyu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo wakala wa serikali, OSHA, inaisimamia, imejengwa juu ya mwajiri na mahali pa kazi panapoandikishwa. Mahali pa kazi pa kijana wa mashine ni pale alipoegesha pikipiki leo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, unaendeshwa kwa michango ya waajiri. Anayeleta hesabu hana mwajiri wa kumchangia, ingawa tajiri wake anajua akichelewa hata dakika kumi. Shirika la Kazi Duniani liliyaweka magonjwa ya mtetemo kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazi, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2010, lakini orodha haifanyi kazi kama hakuna anayeandika ugonjwa. Kijana akienda zahanati na ganzi ya vidole atapimwa sukari, ataulizwa kuhusu pombe, atapewa vitamini. Ni maswali ya busara, maana sukari kweli inaleta ganzi, na ukoma pia. Kinachokosekana ni swali moja la ziada: mikono hii inashika nini kutwa? Bila swali hilo takwimu zetu zitaendelea kuwa tupu, na utupu huo utatumiwa kuthibitisha kwamba tatizo halipo. Waingereza walikaa na utupu wa namna hiyo kwenye migodi yao ya makaa kwa miongo, hadi mahakama ilipowapa wachimbaji haki mwaka 1998. Fidia za mikono peke yake zilipita pauni bilioni 1.

Nini kifanyike, basi? Wengi wataanza na saa: vijana wawili wapokezane mashine moja. Ni wazo zuri, na nisingemkataza mtu. Ila hesabu inasema jambo la kushangaza kidogo. Tuseme mashine mbovu ya mita 8 inafanya kazi saa 6 kwa siku. Kijana mmoja akiishika peke yake, wastani wake wa siku unafika karibu mita 7, mbali juu ya mstari wa pili. Wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja anabaki na mita 4.9, yaani wamenusurika kwa kucha, na kila mmoja amepata nusu ya fedha. Tajiri akitengeneza mashine hiyo ikarudi mita 4, kijana mmoja atafanya saa zote 6 peke yake na wastani wake utakuwa chini ya mita 3.5, na fedha zake zote mfukoni. Raba na kisu vina nguvu kuliko ratiba. Ufini ilipita njia hiyo. Kati ya mwaka 1972 na 1990, wakata miti wa Suomussalmi wenye vidole vyeupe walishuka kutoka asilimia 40 hadi 5, na katika muda huo mtetemo wa misumeno ulishuka kutoka mita 14 hadi 2. Kazi ilikuwa ileile, baridi ileile. Kilichobadilika zaidi ni chombo.

Kwa hiyo macho yangu yako kwa mnunuzi. Sheria za mashine za Ulaya zinamtaka mtengenezaji aandike kiwango cha mtetemo kwenye kitabu cha maelekezo kikizidi mita 2.5, maana yake kwa mashine nyingi namba tayari ipo, ndani ya boksi, kwenye kile kitabu ambacho huishia kufungiwa karanga. Kwenye viwanja vya Themi siku za Nane Nane nimesikia wanunuzi wakiuliza nguvu za injini, ulaji wa mafuta, upatikanaji wa spea. Namba ya mtetemo sijamsikia mtu akiiuliza, na muuzaji asiyeulizwa hana sababu ya kuijua. CAMARTEC, taasisi ya serikali ya zana za kilimo iliyoanzishwa mwaka 1981 na yenye makao yake hapahapa Arusha, ina kupima zana za kilimo ndani ya majukumu yake. Ikipima aina chache tu zinazouzwa zaidi Kanda ya Kaskazini, zikiwa mpya na zikiwa zimetumika misimu miwili, na kubandika matokeo kwa Kiswahili, mabishano yetu yatapata mahali pa kusimama. Namba ya kwenye kitabu ni ya mashine mpya kwenye karakana ya mtengenezaji, na tunayoihitaji zaidi ni ile ya mashine iliyopita kwa fundi wetu.

Swali gumu ni fedha. Mashine yenye mifumo mizuri ya kumeza mtetemo ni ghali zaidi, na ghali huwa haishindi pale ambapo anayelipa siye anayeumia. Kijana hawezi kugoma, maana nyuma yake kuna wengine wanaoisubiri mashine hiyohiyo. Mwenye shamba hana cha kupoteza. Anayebaki na nguvu ya kumsukuma tajiri ni yule anayemkopesha, na Kilimanjaro wapo wengi: SACCOS, VICOBA, mabenki yenye dirisha la kilimo. Tayari wanadai risiti, dhamana na bima kabla ya kutoa fedha za mashine. Kuongeza masharti mawili, namba ya mtetemo isiyozidi mita 5 kwenye kitabu na bajeti ya raba na visu halisi ndani ya mkopo wenyewe, hakuhitaji sheria mpya wala mkaguzi kutoka Dodoma. Kunahitaji kamati ya mikopo iliyokaa kikao kimoja. Na mkopeshaji naye ana maslahi hapo, kwa kuwa rejesho lake linaletwa na mikono ya huyohuyo kijana.